HPV imeonekana, siki ni hasi: nisadiki kipimo kipi?

SWALI: Nina miaka 36, naishi Mwanza, nina watoto watatu. Mwezi uliopita kwenye kituo cha afya nilijichukulia sampuli ukeni kwa brashi, ikapimwa kwenye mashine ileile ya TB. Karatasi ya majibu imeandikwa: HPV 16 NEG, HPV 18_45 NEG, OTHER HR HPV POS. Nikaitwa, nikapimwa kwa siki, muuguzi akasema siki ni hasi, nirudi baada ya mwaka. Sielewi. Kipimo kimoja kinasema ninacho, kingine kinasema sina. Je, nina saratani? Kwa nini nisitibiwe sasa hivi? Hakuna kipimo cha damu cha kuhakikisha? Mume wangu naye anauliza nimekitoa wapi. Na dada yangu wa miaka 52, tuliyepima naye siku hiyo, majibu yake yametoka INVALID mara mbili. Tufanye nini?

JIBU: Kwa majibu uliyoyaandika, hakuna kilichoonyesha kwamba una saratani. Vipimo hivyo viwili pia havipingani, maana havikutafuta kitu kimoja. Mashine imetafuta vinasaba vya HPV, kirusi kinachoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwenye seli zilizonaswa na brashi. Siki imetafuta mahali ambapo seli za mlango wa kizazi zimeshaanza kubadilika. Mtu anaweza kuwa na kirusi bila kuwa na mabadiliko, na wengi wanaopata majibu ya chanya ya HPV wako hivyo. Kinyume chake ndicho adimu: mabadiliko ya kweli ya kuelekea saratani pasipo kirusi.

Kirusi chenyewe ni duara dogo la DNA lenye herufi zipatazo 7,900, na jeni zake ni chache. Zinazotuhusu hapa ni tatu. Jeni ya E6 hutengeneza protini inayoharibu p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye DNA mbovu isiendelee kugawanyika. E7 huikamata pRb, breki nyingine ya ugawanyikaji. Ya tatu, E2, ndiyo inayozibana E6 na E7 zisizidi. Kwa watu wengi kinga ya mwili hukifuta kirusi ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na mwenye mwili hajui kama kiliwahi kuingia. Shida huanza kikidumu miaka mingi. Katika saratani nyingi za mlango wa kizazi, duara lile hukatika na DNA ya kirusi hujipachika kwenye kromosomu ya mwanamke, na mara nyingi hukatikia palepale kwenye E2. Hapo E6 na E7 hubaki bila wa kuzizuia.

Ndiyo sababu katriji ya Xpert HPV (kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine), ambayo bila shaka ndiyo iliyotumika kwako, imetengenezwa kuzitafuta E6 na E7. Baadhi ya vipimo vingine vya HPV hutafuta L1, jeni ya ganda la kirusi, lakini L1 inaweza kupotea wakati wa kujipachika. E6 na E7 hazipotei, kwa kuwa seli ya saratani hii huzitegemea ili iishi. Seli za HeLa, zilizotoka kwenye saratani ya Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, zinaendelea kugawanyika maabara hadi leo, na bado zimebeba E6 na E7 za HPV 18.

Tangu kirusi kiingie mpaka saratani itokee, kwa mwanamke mwenye kinga imara, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, hasa anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda huo mrefu ndio unaokipa kipimo hiki faida yake, na ndio unaompa muuguzi ujasiri wa kukwambia urudi baadaye.

Sasa tuisome karatasi yako. NEG ni hasi, POS ni chanya. Katriji hiyo hutafuta aina 14 za HPV zenye hatari, na mashine huzipanga kwenye chaneli tano za rangi. HPV 16 ina chaneli yake peke yake. HPV 18 na 45 zinashirikiana chaneli moja. Zilizobaki ziko tatu: ya kwanza ni 31, 33, 35, 52 na 58, ya pili ni 51 na 59, ya tatu ni 39, 56, 66 na 68. Maabara nyingi huchapisha majibu mafupi, ambapo chaneli hizo tatu za mwisho zinamezwa na jina moja, OTHER HR HPV, yaani nyingine zenye hatari kubwa. Kwa hiyo una angalau aina moja kati ya hizo 11, na huna 16, 18 wala 45.

Hiyo ni habari nzuri kuliko inavyoonekana. HPV 16 na 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, na 16 ndiyo mbaya kuliko zote. Lakini kundi la “nyingine” si kitu kimoja. Chaneli ya 31, 33, 35, 52 na 58 ina uzito wake, na kwa wanawake wa Kiafrika HPV 35 huonekana kwenye saratani mara nyingi kuliko kwa wanawake wa mabara mengine. Chaneli ya 39, 56, 66 na 68 ni nyepesi zaidi, na 66 hasa ni nadra sana kukutwa peke yake kwenye saratani. Ukiweza, mwombe mtu wa maabara aangalie kwenye programu ya mashine ni chaneli ipi iliyowaka, kisha akuandikie kwenye karatasi. Wanaziita P3, P4 na P5 kwa mpangilio nilioutaja. Huchukua dakika moja, na mwakani utaona faida yake.

Akifungua ukurasa huo ataona pia namba inayoitwa Ct. Ni idadi ya mizunguko ambayo mashine imefanya mpaka rangi ionekane, kati ya mizunguko isiyozidi 40. Kila mzunguko huongeza nakala za DNA maradufu, hivyo Ct ndogo maana yake DNA ilikuwa nyingi tangu mwanzo, na tofauti ya mizunguko mitatu na ushee ni kama mara kumi. Watu wakishaiona namba hiyo huanza kuitafsiri: Ct 22 ni saratani, Ct 36 si kitu. Sivyo. Ct inategemea pia brashi ilikwangua seli ngapi na kichupa kilitikiswaje. Mwanamke mwenye maambukizi mapya yasiyo na madhara anaweza kuwa na kirusi tele juu juu, na mwenye kidonda kidogo kilichojificha ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi akatoa Ct kubwa. Majibu ya kufanyia kazi ni chanya au hasi na chaneli. Namba hiyo iache.

Tuje kwenye siki. Mtoa huduma huingiza kifaa cha kutanua uke, akaupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, akasubiri angalau dakika moja. Seli zenye mabadiliko zina protini nyingi na viini vikubwa, kwa hiyo hugeuka nyeupe nzito yenye mpaka unaoonekana, na weupe huo hukaa. Anachochunguza hasa ni ukanda mmoja mwembamba: pale ngozi ya nje ya mlango wa kizazi, iliyo ya waridi iliyopauka, inapokutana na utando mwekundu unaotoka ndani ya mfereji. Saratani nyingi huanzia kwenye ukanda huo.

Udhaifu wa siki uko hapo. Ni jicho la mtu, kwa mwanga wa taa, kwa dakika chache. Uvimbe wa kawaida wa maambukizi mengine unaweza kugeuka mweupe ukamtisha mtu bure. Na kama mpaka ule umerudi ndani ya mfereji, mtoa huduma anaona ngozi safi ya nje, anaandika “hasi”, kumbe sehemu iliyopaswa kuchunguzwa hakuiona. Hiyo si hasi, ni kipimo ambacho hakikukamilika. Kwa hiyo ukirudi kituoni, au hata kwa simu, muulize muuguzi swali moja: aliuona mpaka huo wote, mzunguko mzima? Kwa umri wa miaka 36 na uzazi wa watoto watatu, uwezekano ni mkubwa kwamba aliuona. Akijibu ndiyo, siki hasi yako ina maana. Akijibu hapana, au sehemu tu, usisubiri mwaka: omba rufaa ya uchunguzi kwa darubini ya mlango wa kizazi. Kwa Mwanza, mahali pa kuulizia ni hospitali ya Bugando.

Kwa nini usitibiwe sasa hivi? Hakuna dawa ya kumeza, ya kuchoma wala ya kupaka inayoua HPV. Kinachoitwa tiba ni kuuharibu au kuuondoa ule ukanda wenye seli zinazoweza kugeuka. Siku hizi vituo vingi hutumia tiba ya joto: kichwa cha chuma kilichopashwa hadi nyuzi 100 za Selsiasi hugusishwa kwenye mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30, kikahamishwa na kurudiwa mpaka ukanda wote ufunikwe. Tiba mgando hufanya kazi hiyohiyo kwa baridi: kugandisha dakika 3, kuachia dakika 5, kugandisha tena dakika 3. Kidonda kikiwa kikubwa au kimeingia ndani ya mfereji, hukatwa kwa waya wa umeme, njia inayojulikana kwa kifupi LEEP.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeruhusu njia zote mbili kwa wanawake wasio na VVU: kumtibu kila mwenye HPV chanya anayefaa kwa tiba hiyo, au kuwachuja kwanza kwa siki, kwa aina ya kirusi au kwa darubini, kisha kuwatibu waliobaki kwenye chujio. Kituo chako kimefuata ya pili. Kwa hali yako naona ni uamuzi sahihi. Huna 16, 18 wala 45, siki haikuonyesha kitu, na kuna uwezekano mzuri kwamba kinga yako itakifuta kirusi yenyewe. Tiba ya joto si ya kutisha, lakini huleta majimaji ukeni kwa wiki kadhaa, hukulazimu kukaa bila tendo la ndoa kama mwezi mmoja, na mara chache hufuatwa na maambukizi au damu. LEEP imehusishwa na kujifungua kabla ya wakati kwa mimba zinazofuata.

Mizani ingebadilika kwa mambo matatu. La kwanza, kama ingekuwa HPV 16, ningekwambia omba tiba au darubini hata kama siki ni hasi. La pili, kama unajua hutarudi, labda mnahama au kituo kiko mbali mno, mwambie muuguzi waziwazi. Kumtibu leo mtu asiyerudi kuna maana kuliko kumpangia tarehe asiyoifuata. La tatu ni VVU. Hukuandika kama umepima. Kama hujapima karibuni, pima wiki hii. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita hivi ya yule asiye navyo, na ratiba yake ni nyingine: uchunguzi huanza akiwa na miaka 25 badala ya 30, hurudiwa kila miaka 3 hadi 5 badala ya 5 hadi 10, na akiwa kama wewe, HPV chanya na chujio hasi, hurudi kupima baada ya miezi 12. Kwa asiye na VVU mwongozo huo unasema miezi 24. Kwa hiyo mwaka mmoja uliopangiwa ni mapema kidogo kuliko kiwango cha WHO, na hakuna ubaya wowote. Usiurefushe.

Usiufupishe pia. Kurudia baada ya miezi mitatu, kama wengine wanavyofanya kwa wasiwasi kwenye maabara binafsi, hakukuambii kitu: kirusi kinachoelekea kufutika bado kitaonekana, nawe utakuwa umelipia hofu mpya. Wakati wa kurudi ukifika, kama HPV ni hasi, unaingia kwenye ratiba ya kawaida. Ikiwa bado chanya, hapo ile karatasi ya chaneli ndipo inapofaa. Chaneli ileile kuwaka tena inadokeza kwamba kirusi kimedumu (si uthibitisho kamili, kwa kuwa P3 ina aina tano ndani yake), na kudumu ndiko kunakoleta saratani. Omba basi usichujwe kwa siki peke yake, uangaliwe kwa darubini, na kipande kidogo kikatwe penye shaka.

Kipande hicho ndicho kinachotoa jibu la mwisho. Mtaalamu wa patholojia hukiangalia kwa hadubini na, maabara ikiwa na uwezo, hukipaka kingamwili ya p16. Utakumbuka E7 huikamata pRb. Pale pRb inapofungwa, seli hurundika protini ya p16 ikijaribu bila mafanikio kusimamisha mgawanyiko. Kwa hiyo rangi ya kahawia iliyoshika unene wa ngozi bila kukatika inamwambia daktari kwamba kirusi hakipiti tu, kimeshashika usukani. Rangi ya madoadoa hapa na pale haihesabiwi. Kuna pia vipimo vya kuchuja vinavyotumia wazo hilohilo kwenye seli za brashi, mfano p16 pamoja na Ki-67 (alama ya seli inayogawanyika), au vya kupima RNA ya E6 na E7 badala ya DNA, au vya kuangalia jeni za mwanamke mwenyewe zilizofungwa kikemikali. Ni vizuri, ila bado havijafika kwenye vituo vingi vya kwetu, na kukosa hivyo hakukupunguzii chochote kwa sasa.

Kuhusu kipimo cha damu: hakipo cha kazi hii. HPV hukaa kwenye ngozi ya mlango wa kizazi, haizunguki kwenye damu kama VVU au homa ya ini, hivyo kuitafuta kwa kutoa damu mkononi ni kupoteza hela. Kuna protini iitwayo SCC inayoweza kupanda kwenye damu ya mwenye saratani ya mlango wa kizazi, lakini hupanda hasa ugonjwa ukiwa umeshakua, na madaktari huitumia kufuatilia mgonjwa aliyekwisha kutibiwa. CA-125, inayowekwa kwenye vifurushi vya “kupima saratani zote”, ni ya ufuatiliaji wa saratani ya ovari, na hupanda hata kwa hedhi, ujauzito au uvimbe wa fupanyonga. Ukiuziwa kifurushi hicho kikatoka sawa, hujajua chochote kuhusu mlango wako wa kizazi. Kikitoka juu kidogo, umepata safari za hospitali zisizo na sababu.

Na tafadhali, siki ya jikoni usijiingize. Siki ya kituoni ni ya kuonyesha tu, haitibu. Ya nyumbani huunguza ngozi ya uke na kuua bakteria walinzi, na mlango wa kizazi uliovimba huwa mgumu kusomeka siku ya kurudia. Hali kadhalika mvuke, dawa za mitishamba za kusafisha na vidonge vya kuingiza ukeni vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la kuondoa HPV.

Mume wako mjibu hivi: kipimo hakisemi lini wala kwa nani. HPV ni ya kawaida kiasi kwamba watu wengi wanaofanya ngono huipata angalau mara moja maishani. Inaweza kukaa kimya kwa miaka bila kuonekana kwenye kipimo, kisha ikaonekana tena. Inaweza kuwa ya kabla hamjaoana, yako au yake. Hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima mwanaume, na hata kingekuwepo kisingebadilisha matunzo yako. Kondomu hupunguza uambukizaji lakini haizuii wote, kwa kuwa kirusi hupita pia kwenye ngozi ambayo kondomu haiifuniki. Chanjo haitafuta kirusi ulicho nacho, lakini kama mna binti wa miaka 9 hadi 14, Tanzania inamchanja bure, na tangu 2024 ni dozi moja.

Jambo moja halingoji tarehe ya kurudi. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi na hedhi, au uchafu wenye harufu kali unaochanganyika na damu, nenda kwa daktari uangaliwe kwa macho siku hizohizo. HPV ni kipimo cha mtu asiye na dalili. Mwenye dalili hahitaji brashi, anahitaji kuangaliwa na kukatwa kipande, hata kama majibu yake ya HPV yaliwahi kuwa hasi.

Tumalizie na dada yako. INVALID, yaani kipimo batili, si chanya iliyofichwa. Ndani ya katriji kuna vidhibiti viwili. Kimoja hukagua kabla ya kuanza kama kemikali zimeyeyuka vizuri na chumba kimejaa. Cha pili hutafuta jeni ya binadamu iitwayo HMBS, iliyomo katika kila seli yetu yenye kiini. Mashine ikikosa HPV lakini ikaiona HMBS, inasema hasi kwa kujiamini: seli zilikuwepo, kirusi hakikuwemo. Ikikosa vyote viwili haiwezi kujua kama kirusi hakipo au seli hazipo, ndipo inaandika INVALID. HPV ikionekana, jibu ni POS hata kama HMBS haikuonekana. (ERROR ni jambo jingine, na mara nyingi ni la maabara: namba 2008 ni shinikizo lililozidi, kwa kawaida ute mzito umeziba njia, na 5006 au 5007 ni kidhibiti cha kwanza kilichogoma, mara nyingi kwa sababu kilichomiminwa kilikuwa pungufu. NO RESULT mara nyingi ni umeme uliokatika.)

Kwa hiyo tatizo la dada yako ni moja kati ya haya: seli zilikuwa chache, au kulikuwa na kitu kinachozuia kemikali zisifanye kazi. Kwa miaka 52 la kwanza ndilo ninaloliwazia zaidi. Hedhi ikikoma ukuta wa uke hukauka na kuwa mwembamba, na brashi hutoka na seli kidogo. Lakini muulizeni kwanza mtu wa maabara: je, mara ya pili mlitumia kichupa kilekile? Seli huzama chini ya kichupa. Kikikaa mezani usiku kucha, kisha mtu akanyonya mililita 1 ya juu bila kukipindua, anaweka kwenye katriji kimiminika kitupu, na INVALID ya pili haina cha ajabu. Kichupa kinatakiwa kupinduliwa polepole mara 8 hadi 10 ndipo mililita hiyo ichukuliwe. Kuharibika kwa sampuli si jambo la kuliwazia: kimiminika kile huzihifadhi seli hata miezi sita kwenye joto la nyuzi 2 hadi 30.

Sampuli ya tatu iwe mpya. Kwa siku mbili kabla asipake wala kuingiza krimu, jeli au vidonge ukeni, asijisafishe kwa ndani, na asikutane na mume. Akiwa kituoni anawe mikono, achuchumae au aweke mguu mmoja juu ya kiti, aingize brashi kavu taratibu mpaka ikutane na ukinzani, kama urefu wa kidole cha kati. Brashi isichovywe kwenye kichupa kabla, kwa kuwa kimiminika kile kina methanoli: huunguza, ni sumu, na hushika moto. Aizungushe upande mmoja mara 3 hadi 5, au kadiri karatasi ya brashi hiyo inavyoelekeza, bila haraka. Akiitoa asiguse nywele za brashi wala kuiweka mezani. Kisha aizungushe ndani ya kichupa kwa nguvu kama mara 10, akiikandamiza ukutani mwa kichupa ili seli ziachie. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuichovya mara moja na kuitoa.

Pengine ni afadhali asihangaike tena mwenyewe. Baada ya INVALID mbili ningemwambia akachukuliwe sampuli na muuguzi kwa kifaa cha kutanua, brashi ikipelekwa moja kwa moja kwenye mlango wa kizazi, ambako seli hupatikana hata kwa aliyekoma hedhi. Kifaa kilainishwe kwa maji, au jeli kidogo sana nje ya ncha. Na majibu yake yakija chanya, asikubali kuchujwa kwa siki peke yake kama ulivyochujwa wewe. Kwa umri wake ule mpaka wa kuchunguzwa kwa kawaida umeshaingia ndani ya mfereji, na siki haiwezi kuuonyesha. Apelekwe darubini, na mfereji wenyewe ukwanguliwe sampuli ya patholojia. Kama tangu hedhi ikome amewahi kutokwa na damu, hata matone, aache kabisa habari ya brashi ya tatu na aende kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.